Aliyefia kambini naye ni askari

Ndugu Mhariri,

Novemba iliyopita nilihudhuria kumbukumbu ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Msemaji mmoja aliwasifu "waliomwaga damu" Abisinia (Ethiopia ya leo), Madagaska na Burma. Nilipiga makofi kama wenzangu, lakini mawazo yangu yalikuwa kwa kaka yake babu yangu, ambaye hakumwaga damu popote. Nimonia ilimuua mwaka 1942 katika kambi ya Keya, jeshi la King's African Rifles la Waingereza, pale Jinja, akiwa bado mafunzoni, hajapanda meli wala kumwona adui.

Babu alikuwa mtoto. Alichokumbuka ni tarishi wa Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kuja kwa baiskeli wakati wa kupalilia mtama, akasimama shambani na kusoma karatasi ya Kiswahili. Mama yao alijua Kilugbara tu. Akangoja atafsiriwe, mkononi ana jembe, na jembe hilo, babu alisema, hakuliweka chini mpaka jua likazama. Baadaye vililetwa vitu vya marehemu: blanketi, na kopo la sigara lenye sindano na uzi wa kushonea vifungo. Yule mama alipokufa alizikwa na lile blanketi.

Ndugu zetu wengine husema, "Huyo hakupigana." Neno hilo lilimuuma babu hadi anaingia kaburini, na mimi linaniuma. Vijana wa vijiji vya mbali walilala wamebanana mabwenini. Kikohozi cha mmoja kilikuwa cha wote, na penisilini ilikuwa bado haijawafikia. Hata huko mbele vitani, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita Bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, maradhi yaliwaangusha wengi kuliko risasi. Aliyekufa kwa malaria Burma tunamwita shujaa. Huyu wa Jinja alikula kiapo kilekile.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haina ubaguzi huo. Askari aliyefariki akiwa jeshini kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947 huhesabiwa katika wafu wa vita, awe ameuawa kwa risasi, kwa ajali au kwa homa. Nawaomba waandaaji wa kumbukumbu zetu wafanye vivyo hivyo: waliofia mafunzoni na hospitalini watajwe kwa sauti, kwenye hotuba ileile, si kwa maneno ya "na wengineo". Na wenye wazee waliobaki wawaulize sasa, maana karatasi nyingi zimeliwa na mchwa.

Baada ya sherehe nilikwenda makaburini Jinja. Majani yalikuwa yamefyekwa vizuri. Jiwe lake halipungui hata inchi moja kwa mawe ya jirani zake. Nilichuchumaa, nikafuta vumbi kwa leso, nikamwita kwa jina la nyumbani, lile la Kilugbara ambalo jeshi halikuliandika.

Mjukuu wake,
Arua