Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuijue Hatua Kabla ya Kisu

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na kwa familia zilizofiwa mwaka huu natoa pole zangu za dhati. Majina ya wenzetu waliotangulia tutayasoma tukiwa tumesimama, kabla ya ajenda ya kwanza. Habari za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na za kuwatembelea wagonjwa wodini kwa katibu. Mimi nina jambo moja, nalo limejirudia katika karibu kila kikao chetu: watu wanapasuliwa bila kujua saratani yao iko hatua ya ngapi, yaani imeenea kiasi gani mwilini, au wameambiwa hatua bila kuelezwa maana yake.

Mwanzoni mwa mwaka dada mmoja alifika na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. "Nimeambiwa ni hatua ya tatu. Ndiyo mwisho, Mwenyekiti?" Alikuwa ametolewa kipande cha utumbo mpana wiki tatu nyuma. Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa kipande kilichotolewa, na chini kabisa yameandikwa pT3 N1 M0. Tulikaa tukaisoma herufi kwa herufi. Ile p ndogo ni ya patholojia. T ni uvimbe wenyewe: wake ulikuwa umepenya misuli ya ukuta wa utumbo. N ni tezi za limfu: N1 yake ilimaanisha chache, hazizidi tatu, zilikuwa zimeingiliwa. M ni kusambaa mbali, kama vile kwenye ini au mapafu: sifuri. Kwa utumbo mpana, tezi zikiingiliwa bila ugonjwa kusambaa mbali ndiyo hatua ya tatu. Alipofika kwenye ile sifuri ya M alinyamaza, akairudia mara mbili kwa kidole.

Mpangilio huu wa T, N na M aliuanzisha daktari wa upasuaji Mfaransa, Pierre Denoix, kati ya 1943 na 1952, na mpaka leo ndio lugha ya madaktari wa saratani duniani kote. Hatua ya tatu ya titi si sawa na hatua ya tatu ya mapafu, kwa hiyo tusitishane kwa namba tupu.

Hata hivyo namba zina uzito wake. Takwimu za Marekani za saratani ya utumbo mpana zinaonyesha kwamba ugonjwa ukikutwa ungali ndani ya utumbo, wagonjwa takriban 9 kati ya 10 huvuka miaka 5, ukiwalinganisha na watu wa umri wao wasio na ugonjwa huo. Ukishafika kwenye tezi au viungo vya jirani, ni kama 7. Ukisambaa mbali, hawafiki 2. Kisu huondoa kile ambacho mkono wa daktari unakifikia. Chembe iliyokwisha kuhamia kwenye ini haitoki kwa kukata utumbo.

Nataka tuelewe pia kwamba upasuaji wenyewe ndio unaoikamilisha hatua. Kipande kikitolewa, mtaalamu wa patholojia hukipaka wino kingo zake, kisha hukikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Chembe za saratani zikigusa wino, kuna hofu kwamba nyingine zimebaki mwilini. Halafu hupapasa mafuta yaliyoshikamana na utumbo akitafuta tezi, nyingine ndogo kama punje ya mtama. Kwa utumbo mpana anatakiwa apate zisizopungua 12. Akipata 4 tu zikawa safi, mgonjwa anaweza kuandikiwa hatua ya pili kumbe ni ya tatu, akakosa kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, iliyomstahili. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu.

Wala tusidhani kukatwa sana ndiko kupona. Kwa miongo mingi wanawake waliondolewa titi pamoja na misuli ya kifua. Matokeo ya utafiti wa daktari wa upasuaji Mmarekani, Bernard Fisher, na wenzake, yaliyochapishwa 2002 baada ya kuwafuatilia wanawake kwa miaka 20, yalionyesha kwamba waliotolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi waliishi sawa na walioondolewa titi zima.

Wapo waliolalamika kwamba wameanzishiwa dawa badala ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Mara nyingi huko si kucheleweshwa: dawa hupunguza uvimbe ili utoke wote. Na hatua ya nne nayo haifungi mlango kila mara, kwani madoa machache ya ini yaliyotoka utumboni yanaweza kukatwa, na wapo waliovuka miaka 5. Pengine upasuaji ni wa kuzibua utumbo au kupunguza maumivu tu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi kabla hajatia sahihi.

Kamati inawaomba kila mmoja afike kikao kijacho na nakala ya majibu yake ya patholojia. Yule dada wa bahasha amemaliza kemo. Amekubali kukaa nasi meza ya mapokezi, awasaidie wageni kusoma karatasi zao.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti