Usiipake kiwi

Kalemie

Ndugu yangu fundi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na mama bado anauliza utaoa lini.

Picha zako nimezipata. Unasema mteja wako wa Dar anataka sanamu za Kitabwa, za kabila langu la huku magharibi mwa Ziwa Tanganyika, "za zamani", ukaniuliza kama mimi Mtabwa nitachukia. Kuchonga, chonga. Nitakachokukatalia ni huo uzamani.

Tazama tena ile picha ya sanamu ya Lusinga, chifu wetu wa zamani. Mikono iko tumboni, nywele zimesukwa zikateremka mgongoni. Wewe mikono umeipatia, ila chale umezitawanya kama maua ya kanga! Ule mstari unaopita katikati ya mwili ni mulalambo, wenyewe haupindi. Zile pembetatu ni balamwezi, za mwezi mpya unapochomoza. Wazee walichanjwa hivyo miilini mwao, na sanamu nayo ikachanjwa vivyo hivyo ili ijulikane ni mtu mwenye watu wake. Patasi yako ni pana mno kwa kazi hiyo, tafuta kisu chembamba.

Halafu hizi mipasi, yaani sanamu za mababu, hazikuwa pambo la sebuleni. Chifu alikuwa na za mababu zake, nazo ndizo zilizomshuhudia kwamba ana haki ya kukaa pale alipokaa. Nadhani Storms alilielewa hilo vizuri sana. Huyo Mbelgiji alitoka huko kwenu Karema, akajenga kituo Mpala, huku upande wetu wa ziwa, mwaka 1883. Desemba 1884 watu wa Storms wakamuua Lusinga na kumkata kichwa. Sanamu na fuvu vyote vikapelekwa Ubelgiji. Sanamu sasa iko kwenye makumbusho ya Tervuren, fuvu liko kwenye taasisi nyingine, Brussels. Mtu na babu yake wametenganishwa hata huko ugenini. (Mwaka 2022 sanamu ya kichwa cha Storms iliondolewa kwenye bustani ya Brussels. Sikusikitika.)

Kwa hiyo usizifukize moshi jikoni, usizipake kiwi, usizizike ardhini zipate kuliwa na mchwa. Anayenunua uzee wa uongo leo, kesho atamuuzia mwingine kama mali ya ukoo fulani, na ukoo huo ni wetu. Chonga jina lako na mwaka chini ya miguu. Mteja akikataa, mchongee meza.

Ukimaliza ya kwanza nitumie picha ya mgongo. Uso nitauona baadaye.

Wako,
Mtabwa wa Kalemie