Kabla hamjapakia kompyuta kwenye treni

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo, tunawasubiri ninyi tu.

Barua yako nimeisoma. Ofisi inabadilisha kompyuta, zile za zamani mmeruhusiwa kuzileta shule, na wenzako wanataka safari hiyo hiyo iwe ya kutembea. Ni jambo jema. Ombi langu moja: chambueni mashine huko huko Tabora. Kompyuta mbovu ikishavuka mto Malagarasi hairudi, itakaa stoo ya shule mpaka mwalimu mkuu astaafu.

Habari njema ni kwamba nyingi ya hizo pengine hazina ugonjwa wowote. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kuingia kwenye mashine isiyo na kile kijidude cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya miaka ya karibuni. Ofisi haina budi kubadilisha. Za shule wekeni Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, unaokwenda bila shida kwenye mashine yenye ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4. Ikiwa na GB 2 itawaka, ila mtoto akifungua kurasa tatu inaganda, kwa hiyo hizo za GB 2 vueni vipuri mje navyo kama akiba.

Kwanza karatasi. Kila mashine itolewe kwenye rejista ya mali za ofisi kwa barua, namba zake zikiorodheshwa, na nakala msafiri nayo. Shule itaihitaji kuziingiza kwenye leja, nanyi mtaihitaji mkiulizwa njiani shehena hiyo ni ya nani. Halafu diski. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakufuti kitu. Taarifa za wateja bado zimo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si la mzaha. Diski ya kuzunguka iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho, mara moja inatosha. Ya GB 500 huchukua saa moja na nusu au zaidi, kwa hiyo msingoje jioni ya safari. SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani, ni tofauti: tumieni amri yake yenyewe ya kufuta, iliyomo kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka.

Baada ya hapo washeni kila mashine saa mbili mfululizo. Hitilafu za joto hujitokeza baada ya nusu saa hivi, wakati fundi ameshasema "hii nzima". Inayojizima fungueni, pulizeni vumbi kwa pampu huku mmeshika feni isizunguke, na mpake upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Inayorudi mwaka wa zamani kila ikizimwa imekufa betri ndogo ya CR2032. Ni betri ya bei ndogo, lakini bila hiyo tarehe inaharibika na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Leteni kumi za akiba.

Sasa umeme, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema huharibu. Shule mnayokwenda iko kijiji cha ufukweni, kaskazini, na inatumia sola. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula wati 100 hivi. Laptopu hula 40. Laptopu nane ni wati 320. Zikitumika saa nne kwa siku ni wati-saa 1,280, na ukiongeza kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, ni kama 1,500. Kwa jua zuri la muda wa saa tano kwa siku, na kwa kuwa paneli haitoi kamwe kile kilichoandikwa mgongoni mwake, mnahitaji paneli za wati 400. Wakati wa masika ongezeni au punguzeni saa za darasa. Betri moja ya risasi na asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 200, inabeba wati-saa 2,400, lakini msile zaidi ya nusu. Ukiishusha chini ya hapo kila siku, miezi michache tu imekwisha. Kwa hiyo vipindi viwe mchana, jua likilisha mashine moja kwa moja na betri ikishikilia wingu linapopita. Za mezani peleka shule za mjini zenye umeme wa gridi.

Waya kutoka betri hadi inveta uwe mfupi na mnene, milimita za mraba 16 au zaidi, maana wati 400 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 33. Waya mwembamba unapata moto, inveta inapiga kelele kwamba betri imekwisha na kumbe imejaa, kisha watu wanalaumu betri. Kitakachoimaliza hasa ni simu za kijiji kizima zitakazoletwa kuchajiwa. Msikataze, haitawezekana, wekeni soketi yake peke yake yenye swichi inayozimwa saa kumi jioni.

Printa msije nayo. Ya leza ikianza kupasha joto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, inveta inazima. Hata ofisini kwenu msiichomeke kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Ya wino nayo ikikaa wiki tatu bila kazi inakauka.

Maudhui yashusheni Tabora kwenye intaneti ya ofisi, kwa ruhusa: Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizohifadhiwa, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, na Kolibri, maktaba ya masomo. Zote hufanya kazi bila mtandao. Wekeni pia flashi mbili za kusimika Linux upya, moja ya mwalimu na moja ya fundi simu wa kijijini. Huyo fundi msimdharau. Ana mita, ana kifaa cha kulehemu nyaya, na yupo siku zote. Mfundisheni yeye na walimu wawili kusimika mfumo kwa mikono yao, ninyi mkikaa mikono nyuma.

Njiani, mizigo ije kwa treni. Basi linafika, ila mtikisiko wake na begi za wenyewe juu ya maboksi yenu sitaki kuufikiria. Laptopu moja mfuko mmoja wa plastiki, kisha taulo, kisha boksi. Chaja kwenye boksi lake, kila moja na stika ya mashine yake. Chukueni risiti ya vifurushi yenye idadi ya maboksi. Na mkishawishika kununua chumvi Uvinza, isikae karibu na mashine, chumvi huvuta unyevu.

Kutoka Kibirizi, mwalo wa boti hapa Kigoma, ni boti. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huchafua ziwa, kwa hiyo ondokeni alfajiri. Maboksi yawe juu ya mbao, yasikae sakafuni mwa boti ambako maji hayakosekani, na turubai lifungwe kabla ya kung'oa nanga. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, hata yule shemeji anayejisifu kuogelea. Mkifika, mashine zipumzike usiku kucha mahali pakavu kabla ya kuwashwa.

Matembezi yawe baada ya kazi. Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, ni nusu siku na daladala inafika. Gombe, aliyokwenda Jane Goodall mwaka 1960, hakuna barabara, ni ziwani tu, na inataka siku nzima. Mngeweza kuiunganisha mkirudi kutoka kijijini, kwani iko upande huo huo.

Nitumie orodha ya mashine: aina, ram, diski, na wati zilizoandikwa kwenye kila chaja. Nikishaipata ndipo nitamwambia mwalimu anunue paneli ngapi, asianze kukopa kwa kubahatisha. Na asali ya Tabora usisahau, lita tano, kwenye dumu lenye kifuniko kisichovuja, begi lako mwenyewe.

Msalimie mama na shemeji.

Ni mimi shoga yako