Wakaguzi waangalie karai, si leseni tu

MHARIRI,

Gazetini na redioni tunahimizwa kila mara tupikie mafuta ya zeituni. Ni ushauri mzuri kwa mwenye pesa za zeituni. Mimi hukaanga samaki, ngege na mgongo wazi (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa), kando ya barabara hapa Kondele, na bei ya chupa moja ya zeituni inaninunulia mafuta ya kupima, yanayouzwa kidogo kidogo bila chupa yake, ya kujaza karai na mengine yakabaki. Wateja wangu wengi nao hununua mafuta ya shilingi hamsini jioni, ya mboga ya usiku huo. Sisi ndio tunaoishi kwa vyakula vya kukaanga, na hakuna anayetuandikia.

Tuanzie dukani. Chupa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli. Kolesteroli hutoka kwa wanyama. Mafuta ya mimea hayakuwa nayo tangu hapo, kwa hivyo ni kama kuandika kwenye gunia la mahindi kwamba hayana mifupa. La maana limefichwa nyuma kwa herufi ndogo: ni mmea gani, na yale mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli ya damu ni kiasi gani. Mengi tunayoyaita tu mafuta ya kupikia ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Ndiyo sababu Indonesia ilipozuia mawese yake kutoka nchini mwishoni mwa Aprili 2022, sisi wa karai tulijua kwa bei kabla ya kusikia habari. Dada yangu wa Nakuru hulalamika kwamba asubuhi za Julai mafuta yake huganda chupani, akidhani ameuziwa feki. Si feki. Karibu nusu ya mawese ni hayo mafuta mazito, na baridi ikizidi lazima yagande. Alizeti ina asilimia kama 11 tu.

Basi mtu atasema, mama, kaanga kwa alizeti. Nyumbani kwangu sukuma wiki na mchuzi wa omena hupikwa kwa alizeti, kijiko kimoja au viwili, na kwa moyo ni bora kuliko mawese. Lakini kwenye karai linalochemka kutwa mambo hugeuka. Mafuta ya alizeti ya kawaida ni mepesi na huvunjika upesi yakipata moto mrefu, yakatoa vitu vibaya mapema kuliko mawese. Kwa hiyo huku kazini hutumia mawese, na sioni haya kusema hivyo. Anayekaanga mara moja kwa wiki nyumbani, kisha akayamwaga, alizeti au mahindi yanamfaa kabisa.

Mafuta mgando ndiyo ya kutazamwa kwa macho mawili. Si yote ni mabaya, mengine ni mawese matupu. Yenye kasoro ni yale yaliyogandishwa nusu nusu kiwandani kwa haidrojeni, kwani hapo huzaliwa mafuta ya transi, na hayo huziba mishipa kuliko mengine yote. Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yawe yameondolewa ifikapo 2023, na kipimo chake ni yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Januari 2024 lilitoa vyeti vya kwanza kwa nchi tano: Denmark, Lithuania, Poland, Saudi Arabia na Thailand. Kenya haikuwemo.

Hata hivyo, madhara makubwa ninayoyaona mimi hayatoki dukani. Mteja akipewa samaki mkavu anayemeta hutania kwamba nimetumia mafuta ya transfoma, yale ya mitambo ya umeme, tukacheka. Lakini mteja huyo hamwulizi jirani yangu mafuta yake ni ya tangu lini. Mafuta yaliyochoka hayajifichi: huwa mazito, povu hupanda lisishuke, moshi huanza hata samaki hajaingia, na ukingo wa karai hushika gundi ya kahawia isiyotoka hata kwa jivu. Wengi wetu tukifika hapo huongezea mapya juu ya yale ya zamani, nayo mapya huharibika pamoja nayo. Jioni kuna wanaopita na jerikeni kununua yaliyobaki. Hayo huenda yakakaanga mandazi ya asubuhi.

Mimi humpangusa samaki maji kabla hajaingia, huchuja masalia ya unga kwa kitambaa kila nikizima moto, na hufunika mafuta yasipigwe na jua. Tangu 2012 sheria inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, na jua na moto wa kurudiarudia huimaliza. Kwa nini basi mafuta ya kupima yanaanikwa juani kwenye chupa nyeupe mchana kutwa?

Mkaguzi akija huomba leseni, huomba cheti cha afya, huangalia aproni. Karai hapigi hata jicho. Ufaransa, mafuta ya kukaangia yakishafikisha asilimia 25 ya uchafu utokanao na kuchakaa hayaruhusiwi tena kutumika, na yapo makaratasi ya kuchovya ya kukadiria uchakavu huo papo hapo. Kaunti zetu hutoza ada ya soko kila siku; zinunue makaratasi hayo, na ziweke mahali pa kupeleka mafuta yaliyochoka ili mwenye jerikeni asiwe ndiye njia pekee ya kurudisha senti mbili.

Na wakija, waje saa kumi na moja jioni. Saa tatu asubuhi kila karai Kondele ni safi.

Mkaanga samaki,
Kondele, Kisumu