Mbona Memnon hayumo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie vitabu vya watoto vya visasili vya Ugiriki, vile vyenye picha kubwa na karatasi za kung'aa, ambavyo shule zetu hupokea kwa maboksi kama msaada. Mimi ni mkutubi, navipanga mwenyewe. Visasili vyenyewe sina ugomvi navyo, na nimechoka kuwasikia watu wazima wakidai kwamba miungu ya kipagani itawaharibu wanafunzi. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi hapati taabu kutambua kwamba Zeus ni wa hadithini. Kinachonikera ni kwamba Waafrika waliokuwamo humo wameondolewa.

Mtazame Andromeda, binti aliyefungwa mwambani aliwe na dubwana la baharini, akaokolewa na shujaa Perseus. Baba yake, Cepheus, alikuwa mfalme wa Ethiopia, jina ambalo Wagiriki waliziita nchi za watu weusi kusini ya Misri. (Wapo waliolihamishia tukio hilo Yafa, lakini ufalme wa Ethiopia ndio uliovuma.) Ovid, mshairi wa Roma, anawashauri wanawake wa maji ya kunde wavae nguo nyeupe, na mfano anaoutoa ni huyohuyo binti wa Cepheus. Katika vitabu nilivyo navyo rafuni, ana nywele za dhahabu na mashavu ya waridi.

Najua nitajibiwa kwamba Ovid mahali pengine anamfananisha na sanamu ya marumaru. Ni kweli, ila asomwe vizuri. Perseus angemdhania sanamu kwa jinsi alivyotulia tuli, isipokuwa nywele zilikuwa zikipeperuka na machozi yakimtiririka. Hapo panazungumzwa utulivu. Isitoshe, sanamu za kale zilipakwa rangi. Weupe tunaouona leo kwenye majumba ya makumbusho umebaki baada ya rangi hizo kubanduka.

Memnon ndiye anayeniuma zaidi. Mfalme huyu wa Waethiopia, mwana wa Eos, mungu wa kike wa alfajiri, alikwenda na jeshi lake kuusaidia mji wa Troy, uliozingirwa na Wagiriki, baada ya shujaa wake Hector kuuawa. Alimuua Antilochus, mwana wa mzee Nestor wa upande wa Wagiriki, kisha naye akaangushwa na Achilles, shujaa wao mkuu. Odysseus, shujaa mwingine wa Kigiriki, akitaka kusifia uzuri wa mwanamume, anamtaja Memnon. Na Ovid anasema umande wa asubuhi ni machozi ya mama yake, anayemlilia mpaka leo. Hadithi ipi ya kumsimulia mtoto usiku inaishinda hiyo?

Husemwa kwamba ameachwa kwa kuwa Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, inaishia kwenye mazishi ya Hector, kabla yeye hajafika. Haya, basi na farasi wa mbao, yule aliyewaficha askari wa Kigiriki, aachwe, maana naye hayumo katika Iliad! Kile kisigino cha Achilles, mahali pekee alipoweza kujeruhiwa, hakimo pia. Hivyo viwili havikosekani kitabuni, tena farasi hupewa kurasa mbili nzima. Kilichomo, tangu kitabu cha kwanza cha Iliad, ni Zeus na miungu wenzake kwenda karamuni kwa Waethiopia, wasirudi hadi siku ya 12. Karamu hiyo sijaiona katika toleo lolote la watoto lililopita mikononi mwangu.

Vitabu vya historia vina lao. Sura ya Misri huruka kutoka Tutankhamun hadi Cleopatra, kana kwamba wafalme wa Kush, ufalme wa kusini ya Misri, hawakukikalia kiti cha Farao katika karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo. Mmoja wao, Taharqa, wasomaji wa Biblia wanamjua: ndiye Tirhaka, mfalme wa Kushi.

Ombi langu ni kwa wachapishaji wetu. Mkiamua kuwapa watoto hadithi hizi kwa Kiswahili, msitafsiri matoleo haya yaliyokatwakatwa. Anzeni kwa Homer na Ovid, fupisheni wenyewe, na kabla mchoraji hajashika brashi aambiwe Andromeda ni binti wa nani na wa wapi. Kwa sasa nabandika karatasi ndani ya jalada la kila kitabu cha vita vya Troy, yenye kisa cha Memnon kwa mwandiko wangu, na wanafunzi wameanza kuniuliza picha yake iko wapi.

Mkutubi,
Tanga