Tufunze wataalamu wa jeni wanaojua kumuuliza kukhu, yaani nyanya

Mhariri,

Nilifundisha baiolojia kwa miaka 31 katika shule za wasichana hapa Kakamega, na mada ya jeni haikunisumbua hata siku moja. Huku kwetu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imepita nyumba nyingi. Ukichora ubaoni baba AS na mama AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu, msichana aliyesinzia kule nyuma anainua kichwa, maana umechora kwao.

Sasa nimestaafu na namtunza mama, ambaye tunamkadiria miaka 84. Mwaka jana nilimkuta saa nane usiku akiwasha moto uani ili wageni wa matanga wapate chai. Matanga yenyewe yalikuwa ya 1988. Nikampeleka kliniki moja Kisumu. Kijana aliyempima kumbukumbu alikuwa mpole, tatizo ni karatasi ya maswali aliyopewa. Nyanya, toa saba kwenye mia moja. Nyanya, chora saa. Leo ni tarehe ngapi? Mama, ambaye hajawahi kukalia dawati, akamtazama: "Kwani wewe huna kalenda?" Angeulizwa chenji ya mia kwa mteja wa omena ya sabini, hata sasa angejibu papo hapo. Tulirudi na alama 9 kati ya 30, na hadi leo sijui ni ngapi alizopoteza kwa ugonjwa na ngapi kwa kukosa shule.

Nikaanza kusoma, mazoea ya ualimu. Mnamo 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba aina ya e4 ya jeni iitwayo APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19, inaongeza hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Lakini wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, walipolinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, matokeo ya 2001 yalikuwa mengine: kwa mwaka, asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipata Alzheimer, Indianapolis asilimia 2.52. Na kule Ibadan e4 haikuwa na makali yale yale. Basi jeni zilizochunguzwa Marekani pekee haziwezi kutueleza ya kwetu. Na hata tukipima damu yetu wenyewe, tukiilinganisha na alama kama zile 9 za mama, tutaishia kutafuta jeni ya kutosoma.

Hapo ndipo ombi langu kwa vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro, na kwa kaunti zinazogawa basari. Kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kisian, barabara ya Busia, vijana wetu wamesomea malaria hadi dunia inawasikiliza. Wengine wafunzwe sasa jeni za uzee na dimenshia, yaani magonjwa ya kupoteza akili na kumbukumbu kama Alzheimer: maabara, ndiyo, na takwimu za kompyuta, ambazo ndizo kazi kubwa siku hizi, lakini pia miezi kadhaa vijijini wakijifunza kuuliza. Kule Colombia, Daktari Francisco Lopera alianza na mgonjwa mmoja miaka ya 1980, akafuata jamaa zake kijiji baada ya kijiji hadi ukoo wa watu wapatao 6,000 unaorithishana kasoro ya jeni ya PSEN1, inayowaletea Alzheimer walioirithi wakiwa na miaka 40 na kitu. Alikuwa mzaliwa wa jimbo lilo hilo la Antioquia. Nani angemfungulia mgeni siri za nyumba namna hiyo?

Nasi siri hizo tunazo. Kisii mwaka 2021 akina mama wanne wazee waliuawa wakiitwa wachawi. Nani atataja hadharani kwamba kwao kuna mzee anayetangatanga usiku?

Mama anasahau kama amekula, lakini ukoo wake hajausahau wote. Jioni tunakaa na daftari la kurasa 96, mimi nachora miraba ya wanaume na duara za wanawake kama zamani ubaoni. Tumefika vizazi vinne, na watatu nimewatia alama: walianza kupotea njia ya mtoni uzeeni. Wiki iliyopita alinitajia shangazi wa nne, kisha akaniuliza mimi ni nani.

Mwalimu mstaafu,
Butere, Kaunti ya Kakamega