Pesa nazo huandikisha vitabu

Mhariri,

Nimestaafu kazi ya kupiga chapa miswada ya watu, na ninawapinga wanaodai kuwa mwandishi wa kweli hafikirii pesa. Mwaka 1866 Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi, akiandamwa na madeni, alimtamkia mwandishi wa hati mkato riwaya nzima ili aiandike, chini ya mwezi mmoja, ili mchapishaji asijitwalie haki za vitabu vyake. Deni lilimkalisha kitini. Kipaji alikuwa nacho.

Lakini pesa si sababu pekee. Ngugi wa Thiong'o aliandika riwaya gerezani mwaka 1978 kwenye karatasi za chooni. Pale palikuwa na malipo gani?

Wengi niliowapigia chapa walikuwa na sababu ndogo zaidi. Mmoja alitaka wajukuu wamjue babu yao. Mwingine alikuwa akimlipizia kisasi bosi wake wa zamani, sura baada ya sura, na mswada wake ndio ulionoga kuliko yote!

Wahakiki wenu wakimhoji mwandishi, wasiishie kumuuliza kilichomwanzisha. Wamuulize pia kilichomrudisha kwenye rasimu ya nne, hasira ikiwa imeshapoa na hakuna anayemdai.

Mpiga chapa mstaafu